Bunduki, Kamera na Ndege Adimu

Zamani, mtu aliyetaka kumjua ndege kwa hakika alimwua kwanza. Neno hili laweza kumshtua msomaji wa siku hizi, lakini ndiyo iliyokuwa desturi ya wataalamu wa ndege kwa muda wa miaka mingi. Ndege ni kiumbe mwepesi, mwoga, mwenye macho makali. Hamngojei mtu amhesabu manyoya. Darubini za wakati ule zilikuwa hafifu, na mkono wa mchoraji hauna mbio za kushindana na mabawa. John James Audubon, mchoraji mashuhuri wa Marekani aliyezaliwa mwaka wa 1785 na kufariki mwaka wa 1851, alitoa kitabu kikubwa cha picha za ndege wa Amerika, sehemu baada ya sehemu, tangu mwaka wa 1827 hadi 1838. Ndege wale katika picha zake wanaonekana wazima kabisa, wengine wakiruka, wengine wakipigania chakula. Lakini aghalabu walikuwa mizoga. Audubon aliwapiga risasi, kisha akawafunga kwa nyaya mbele yake ili wakae kama walio hai, akawachora haraka kabla rangi zao hazijafifia. Hakuna aliyemlaumu, maana hapakuwa na njia nyingine, na ndege walikuwa wengi.

Shida ilikuja pale ndege walipokuwa si wengi tena. Kadiri ndege alivyoadimika, ndivyo ngozi yake na mayai yake yalivyopanda bei kwa matajiri na majumba ya makumbusho. Na kadiri bei ilivyopanda, ndivyo wawindaji walivyozidi kumtafuta. Hivyo elimu yenyewe ikawa adui. Katika bahari ya Kaskazini paliishi ndege mkubwa aitwaye alka mkubwa, mweusi mgongoni na mweupe tumboni, asiyeweza kuruka. Mabaharia walimla kwa karne nyingi, wakachukua mafuta yake na manyoya yake. Mwezi wa Juni mwaka wa 1844, katika kisiwa kidogo cha Eldey karibu na Iceland, wavuvi waliwakamata wawili wakawanyonga, ili wauzwe kwa mtu aliyekuwa akikusanya ndege adimu. Hao ndio wa mwisho waliothibitika. Sasa, msomaji, angalia tarehe: ufundi wa kupiga picha ulikwisha kutangazwa huko Ufaransa mwaka wa 1839. Kwa muda wa miaka mitano kamera na alka mkubwa walikuwa pamoja duniani, na hawakuonana. Tulichobakiwa nacho ni ngozi zilizojazwa nyuzi, mayai matupu na maneno ya wale waliomla.

Hata hivyo kamera ya siku zile isingaliweza kumsaidia sana. Ilikuwa sanduku zito la mbao, lililowekwa juu ya kiweko cha miguu mitatu. Picha ilinaswa juu ya bamba lililopakwa dawa, na bamba lilihitaji nuru nyingi na muda mrefu. Mtu aliyepigwa picha aliambiwa asitikisike hata kidogo. Nani atamwambia ndege? Ndiyo maana picha nyingi za kwanza za ndege zilikuwa za viota na mayai, vitu ambavyo havikimbii.

Na kweli ni kwa kiota kwamba habari hii yaanza. Tarehe 10 Aprili, mwaka wa 1892, karibu na Enfield, kaskazini mwa London, kijana mmoja jina lake Cherry Kearton alipiga picha ya kiota cha ndege mwimbaji chenye mayai ndani yake. Kaka yake, Richard, alikuwa pamoja naye. Ndugu hawa walizaliwa katika kijiji cha Thwaite, nchi ya milima huko Yorkshire, wazazi wao wakiwa watu wa shamba. Richard alipokuwa mtoto alianguka mtini akitafuta kiota, akavunjika nyonga, akawa kiguru maisha yake yote. Yeye ndiye aliyekuwa mjuzi wa ndege na mwandishi. Cherry ndiye aliyekuwa fundi wa kamera. Mwaka wa 1895 walitoa kitabu juu ya viota vya ndege wa Uingereza, na kila picha iliyokuwamo ilipigwa mahali penyewe, si katika chumba cha makumbusho. Kabla yao hapakuwa na kitabu cha namna hiyo.

Taabu walizozipata ndugu hawa zafaa kutajwa, kwa sababu wengi wetu hudhani kwamba picha hupigwa kwa kubonyeza kidude tu. Waliteremka kwa kamba katika majabali ya pwani, kamera imefungwa mgongoni. Mahali ambapo kiota kilikuwa juu kuliko kiweko, Cherry alipanda juu ya mabega ya kaka yake kiguru. Mwaka wa 1896 walivuka hadi kisiwa cha St Kilda, mbali katika bahari ya Scotland, ambako watu wachache waliishi kwa nyama na mayai ya ndege wa baharini. (Watu hao walikihama kisiwa chao mwaka wa 1930, na ndege wakabaki peke yao.) Lakini jambo lililowatia ndugu hawa midomoni mwa watu ni ng'ombe. Waliona kwamba ndege humwogopa mtu lakini hamjali ng'ombe. Basi mwaka wa 1900 walipata ngozi ya ng'ombe dume, wakaitandika juu ya kiunzi cha mbao, ikawa ng'ombe kamili mwenye tundu la kamera kifuani. Richard aliingia tumboni akangoja. Siku moja joto na uchovu vilimzidi, akazimia, na ng'ombe akaanguka chali miguu juu, mtu akiwa ndani. Cherry alipokuja alimwona kaka yake katika hali hiyo. Na kabla ya kumtoa alipiga picha.

Cherry ndiye aliyeileta kazi hii katika nchi yetu. Mwaka wa 1909 alisafiri kuja Afrika ya Mashariki na kamera za picha na za filamu. Katika mwaka huo huo alifika Mombasa Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza muda wake wa urais wa Marekani, akifuatana na mwanawe Kermit na msafara mkubwa wa wapagazi. Nia yao ilikuwa kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Washington. Baba na mwana kwa hesabu yao wenyewe waliua wanyama 512 kwa bunduki. Kearton alikutana nao akawapiga filamu, na filamu hiyo ikaonyeshwa mwaka wa 1910. Basi katika nyika moja na wakati mmoja walikuwapo wageni wa namna mbili: mmoja akichukua ngozi na mwingine akichukua vivuli. Ingekuwa rahisi kumsifu wa pili na kumlaani wa kwanza, lakini mambo ya wanadamu hayagawanyiki kwa unyofu hivyo. Roosevelt huyo huyo, alipokuwa rais, ndiye aliyetenga hifadhi nyingi za ndege nchini mwake, ya kwanza ikiwa mwaka wa 1903.

Mpaka hapo kamera ilikuwa kitu cha elimu na cha kuwafurahisha watu. Nguvu yake nyingine, ile ya kutoa ushahidi, ilidhihirika Australia.

Msomaji bila shaka anamjua yangeyange, ndege mweupe afuataye ng'ombe machungani. Anao jamaa wakubwa zaidi wakaao penye maji, ambao wakati wa kutaga huota mgongoni manyoya marefu, membamba, laini kama hariri. Manyoya hayo huota wakati huo tu. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa wanawake wa Ulaya na Marekani walipenda sana kuyavaa katika kofia, na biashara ikawa kubwa, hata manyoya yakawa ghali kuliko dhahabu ya uzito ule ule. Ubaya wa biashara hii ulikuwa katika wakati wake. Kwa kuwa manyoya hupatikana siku za kutaga, mwindaji alilazimika kuwaua ndege penye viota vyao, na kila mzazi aliyekufa aliacha makinda. Wauzaji walikana. Walisema kwamba manyoya yaliokotwa chini baada ya kudondoka yenyewe, wala hakuna ndege aliyeumizwa. Nani angeweza kuwabishia? Vinamasi vile vilikuwa mbali, na wanunuzi walikuwa London.

Arthur Mattingley alikuwa mfanyakazi wa forodha mjini Melbourne, naye alipenda ndege na kamera. Mwaka wa 1906 alikwenda Mathoura, katika jimbo la New South Wales, kwenye kinamasi chenye miti mirefu ambamo yangeyange walikuwa wametaga. Aliporudi huko mara ya pili aliwakuta wazazi wameuawa, wakielea majini na wakilala matopeni, migongo yao imenyofolewa manyoya. Juu ya miti makinda yalikuwa yangali hai. Yalinyoosha shingo kila ndege mwingine alipopita angani, yakidhani ni chakula kinakuja, na moja baada ya moja yalikuwa yakifa kwa njaa. Mattingley alipanda ile miti na kamera yake, akapiga picha: kiota chenye makinda yakilia, kiota chenye makinda yaliyolegea, kiota chenye makinda yaliyokufa. Mwaka wa 1907 zilichapishwa katika gazeti la wataalamu wa ndege wa Australia.

Picha hizo zilifika Uingereza. Huko kilikuwapo chama cha kuwalinda ndege, ambacho Emily Williamson alikianzisha karibu na Manchester mwaka wa 1889, na wanachama wake wa kwanza walikuwa wanawake. Ni vema kulikumbuka hili, maana katika habari hii wanawake hulaumiwa kwa kuvaa, na husahauliwa kwamba wanawake ndio waliokuwa wa kwanza kukataa. Chama kilizichapa upya picha za Mattingley, na mwaka wa 1911 kikawaajiri watu wazibebe katika mabango makubwa, kifuani na mgongoni, wakipita polepole katika barabara za maduka ya fahari ya London. Bibi aliyetoka dukani na manyoya kichwani alikutana uso kwa uso na kiota yalikotoka. Wauzaji hawakuweza tena kusema kwamba manyoya yaliokotwa. Hata hivyo ilichukua miaka mingine kumi. Sheria ya kukataza manyoya yasiletwe nchini ilipitishwa na Bunge mwaka wa 1921. Nayo ilikataza kuyaleta tu, haikukataza kuyauza wala kuyavaa. Lakini mkono wa biashara ulikatika, na yangeyange wale wangali wako.

Katika miaka iliyofuata vyombo viliendelea kuwa bora. Mabamba ya kioo yaliacha nafasi kwa filamu nyepesi, na taa za umeme zenye mwako wa haraka mno ziliweza kulisimamisha bawa la ndege hewani. Mwingereza Eric Hosking, aliyezaliwa mwaka wa 1909 na kufariki mwaka wa 1991, ndiye aliyesifiwa kuliko wote kwa ufundi huu. Alijenga madungu marefu, mfano wa yale ya walinzi wa mashamba ya mpunga, akakaa humo usiku kucha akisubiri bundi. Mwezi wa Mei mwaka wa 1937, huko Wales, alipokuwa akipanda gizani kwenye dungu lake, bundi aliyekuwa akilinda makinda alimshambulia bila sauti na kumpiga ukucha katika jicho la kushoto. Madaktari walilitoa jicho hilo ili kuliokoa la pili. Hosking aliendelea kupiga picha za ndege, na za bundi pia, kwa jicho moja, kwa zaidi ya miaka hamsini. Wala hakumchukia bundi yule. Ndiye aliyeingiliwa nyumbani kwake.

Mtu akisoma mpaka hapa aweza kudhani kwamba picha ikipigwa, ndege ameokoka. Habari za Louisiana zaonyesha vingine.

Katika misitu ya majimbo ya kusini ya Marekani aliishi kigong'ota mkubwa kuliko wote wa nchi ile, urefu wake karibu nusu mita, mweusi na mweupe, dume akiwa na kishungi chekundu, na mdomo wake mweupe kama pembe ya ndovu. Kwa sababu ya mdomo huo aliitwa kigong'ota mdomo-pembe. Chakula chake kilikuwa funza wakubwa walio chini ya maganda ya miti iliyokufa karibuni, na kwa hiyo alihitaji msitu mkubwa wenye miti mizee. Misitu ilipokatwa, alipungua. Alipopungua, wakusanyaji wakamwania. Mwaka wa 1924 Arthur Allen, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cornell, na mkewe walipata dume na jike huko Florida, wakawapiga picha. Walipoondoka kwa muda, watu wengine wakapata ruhusa wakawapiga risasi wote wawili. Ikafikiriwa kwamba ndege hao wamekwisha. Mwaka wa 1932 wakili mmoja wa Louisiana aliambiwa na maofisa wa jimbo kwamba haiwezekani kuwa amewaona. Naye, ili kuthibitisha, alipewa kibali, akaenda msituni, akampiga risasi mmoja akawaletea. Ndivyo mawazo ya zamani yalivyokuwa bado na nguvu: ushahidi ulikuwa mzoga.

Msitu huo uliitwa Singer Tract, kwa kuwa mali yake ilikuwa ya kampuni ya cherehani za Singer, zile zile zilizojulikana kwa mafundi wa nguo katika kila mji wa Afrika ya Mashariki. Kampuni iliununua ili ipate mbao za kutengenezea meza za cherehani. Mwaka wa 1935 Allen alirudi na wenzake, safari hii na kamera za filamu na mitambo ya kunasa sauti. Gari lao lilishindwa na matope, wakalazimika kuipakia mitambo juu ya mkokoteni uliokokotwa na nyumbu. Wakapiga kambi chini ya mti wenye kiota. Picha walizozipata zingaliko mpaka leo, na sauti pia: mlio mwembamba, unaorudiwa, kama tarumbeta ndogo ya mtoto. Hakuna aliyeuawa. Kijana mmoja wa msafara huo, James Tanner, alirudi akaishi na ndege hao tangu mwaka wa 1937 hadi 1939, akizunguka majimbo ya kusini kwa gari, kwa farasi na kwa miguu. Mwezi wa Machi mwaka wa 1938 alipanda hadi kwenye kiota ili amvike kinda pete mguuni. Kinda likatoka likaanguka, likaokotwa, na likatambaa hadi juu ya kofia ya mlinzi wa msitu aliyekuwa akimwongoza. Tanner alipiga picha, mikono ikimtetemeka. Hesabu yake ya mwisho ilikuwa kwamba katika Marekani nzima hawakuzidi ndege 24.

Basi kila kitu kilijulikana. Picha zilikuwapo, sauti ilikuwapo, hesabu ilikuwapo, chakula cha ndege na mahali pake palijulikana. Haki ya kukata miti ilikuwa imekwisha kuuzwa kwa kampuni ya mbao, na vita kuu ya pili ilihitaji mbao. Watetezi wa ndege walijaribu kuununua msitu, na magavana wa majimbo manne waliandika kuunga mkono, kampuni ikakataa. Miti iliangushwa, na katika kazi hiyo walitumiwa hata mateka wa vita Wajerumani. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1944 mchoraji Don Eckelberry alikaa wiki mbili karibu na jike mmoja aliyebaki peke yake katika kipande cha msitu kilichosalia. Alimchora. Baada yake hakuna aliyeonwa huko tena. Mwaka wa 2004 watu walidai kumwona katika jimbo la Arkansas, na filamu fupi yenye ukungu ikaonyeshwa, lakini wataalamu wamegombana juu yake tangu siku ile. Mwaka wa 2021 serikali ya Marekani ilipendekeza atangazwe kuwa amekwisha. Mwaka wa 2023 ilipotoa orodha ya viumbe waliokwisha, haikumtia, kwa sababu bado wako wanaotumaini.

Kwa maoni yangu, habari hii inastahili kufundishwa pamoja na ile ya Mattingley, wala isitengwe nayo. Kazi ya mpiga picha ilikuwa njema katika nchi zote mbili, pengine bora zaidi Louisiana. Tofauti ilikuwa nje ya kamera. Manyoya ya kofia ni pambo. Mwenye kofia akiona haya, ataivua. Msitu wa Louisiana ulikuwa mali, mkataba na mishahara ya watu, na haya peke yake haikutosha.

Miaka minne tu baadaye, upande wa pili wa dunia, mambo yalikwenda vingine. New Zealand palikuwa na ndege aitwaye takahe, wa jamaa ya kukuziwa lakini mkubwa zaidi, mnene, wa rangi ya buluu na kijani, mwenye mdomo mwekundu na mabawa yasiyofaa kurukia. Wazungu tangu wafike walikuwa wamewapata wanne tu, na wa mwisho, mwaka wa 1898, alikamatwa na mbwa. Kwa muda wa miaka hamsini watu wote walisadiki kwamba takahe amekwisha. Daktari mmoja wa mji wa Invercargill, Geoffrey Orbell, hakusadiki. Mwaka wa 1948 alipanda milima iliyo juu ya ziwa Te Anau, akaona nyayo zisizofanana na za ndege yeyote aliyemjua. Tarehe 20 Novemba alirudi na wenzake watatu, na kamera, na wavu. Waliwanasa wawili kwa wavu, wakawapiga picha, kisha wakawafungulia. Tafadhali pima kitendo hicho cha kuwafungulia. Mtu wa kizazi cha nyuma angaliwapeleka makumbusho. Picha zilitosha, ulimwengu ukaamini, na serikali ikaifunga milima hiyo kwa wageni mara moja. Hata hivyo takahe hawakuongezeka kwa urahisi. Kulungu walioletwa kutoka Ulaya waliwala majani, na vicheche wakawala wao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipungua hadi zaidi kidogo ya mia moja. Leo, baada ya kazi nyingi ya kuwalea na kuwahamishia visiwa visivyo na vicheche, wamefika karibu 500.

Katika siku zetu kamera imeingia mifukoni mwa watu wote, na mambo ya ajabu hutokea. Katika makumbusho ya Leiden, Uholanzi, ilikuwapo ngozi moja tu ya ndege mdogo wa kahawia wa kisiwa cha Borneo, mwenye mstari mweusi juu ya jicho. Aliuawa katika miaka ya 1840, akapewa jina na wataalamu mwaka wa 1850, na hakuonwa tena. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2020 wenyeji wawili wa Kalimantan ya Kusini walimkamata ndege wasiyemjua msituni, wakampiga picha, wakamwachilia, wakazipeleka picha kwa watu wajuao. Ndiye. Miaka 170 na zaidi ilikuwa imepita. Tena picha ilisahihisha kosa la zamani: aliyeijaza ile ngozi alikuwa ameitia macho ya kioo ya rangi ya manjano, kumbe ndege akiwa hai macho yake ni mekundu ya giza. Ngozi ilihifadhi manyoya, jicho haikuweza.

Wingi huu wa kamera una hasara yake. Wapiga picha wa zamani walikata matawi ili kiota kionekane vizuri, na jua au kunguru akamaliza makinda. Wa leo hupiga sauti ya ndege iliyonaswa ili dume aje akidhani ni mpinzani, na huja mara ishirini kwa siku, akiacha kulisha. Wenye adabu ya kazi hii wana kanuni moja, kwamba usalama wa ndege ni mkubwa kuliko picha. Lakini kanuni hiyo haina askari.

Yote haya si ya ng'ambo tu. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani yetu, katika vichaka vya udongo mwekundu, yuko bundi mdogo ambaye urefu wake haufiki sentimeta ishirini. Wataalamu walimgundua mwaka wa 1965, na hapajulikani mahali pengine aishipo ila vilima vilivyo chini ya Usambara, Tanzania. Wengine ni wa kijivu, wengine wa kahawia, wengine wekundu kama kutu. Mchana hukaa wawili wawili wakisinzia, na mgeni hawezi kuwaona hata akisimama mbele yao, mpaka aonyeshwe na waongozaji wa vijiji vya huko, ambao huwajua mti kwa mti. Wageni hutoka mbali sana kwa ajili ya picha hiyo moja, na ujira wa mwongozaji ni sababu mojawapo ya msitu kuwa na watetezi katika nyumba za jirani.

Na yuko mnana wa Kilifi. Huyu ni mfumaji mweusi na manjano ambaye makao yake yote duniani yamo katika kaunti hiyo, katika miti ya mirihi ya Arabuko-Sokoke na ya Dakatcha. Alipewa jina lake la kitaalamu mwaka wa 1913, kwa ngozi kama ilivyokuwa desturi. Kisha pakawa na fumbo: kila mwaka makundi yao yalitoweka kwa majuma kadhaa, yakarudi na makinda yakiruka, na hakuna aliyekiona kiota. Watu walitazama katika vilele vya mirihi, maana mnana ni ndege wa mtini. Mwezi wa Machi mwaka wa 2013, miaka mia baada ya kupewa jina, waliviona viota hatimaye. Havikuwa mtini. Vilikuwa katika majani marefu ya kinamasi kijazwacho na mvua, huko Dakatcha, mahali ambapo kiangazi kikifika hugeuka kuwa udongo uliopasuka.

Kwa hiyo ndege huyu ahitaji vitu viwili vikae karibu: kinamasi cha miezi michache, na mirihi ya mwaka mzima. Arabuko-Sokoke ni msitu wa serikali. Sehemu kubwa ya Dakatcha ni ardhi ya wenyeji, na mirihi yake imekatwa kwa ajili ya makaa na kwa ajili ya mashamba ya mananasi, ambayo udongo ule wa mchanga huyafaa kwa misimu michache kisha huchoka. Wako vijana wa huko waliojiunga katika kikundi cha kuulinda msitu. Hao hupita katika vinamasi wakati wa mvua na darubini na kamera, wakiandika ni viota vingapi, na ni miti mingapi imeanguka tangu safari iliyopita.